Samaki watatu wamekufa usiku mmoja kwenye tangi la lita 54. Nani muuaji?

#1 KiooKipya
Salaam wakuu. Nina tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54. Niliweka beta dume mmoja mwekundu, gapi wanne (madume watatu, jike mmoja), neoni wanne na pleko mmoja wa sentimita 5 wa kula mwani. Jumla 10. Muuzaji alinihakikishia kuwa wote ni wapole na wataelewana.

Jana usiku nilizima taa wote wakiwa wazima. Leo asubuhi nimekuta gapi dume mmoja amelala mchangani, mkia umenyofolewa mpaka kwenye shina. Neoni mmoja anaelea, amekakamaa. Neoni wa pili nimepata kichwa na uti wa mgongo tu, vimenasa kwenye majani nyuma ya chujio. Beta anazunguka mbele ya kioo, tumbo limejaa.

Naomba kujua mambo mawili: nani kaua, na nani nimtoe. Yule gapi jike ni wa mwanangu, kampa jina kabisa, na sitaki kesho tumkute naye mchangani.

#2 Mapezi Marefu
Beta. Kesi imekwisha. Huyo ndiye samaki ambaye kule Thailand alifugwa ili apiganishwe. Gapi dume ana mkia mpana wenye rangi, na beta akiuona anadhani ni dume mwenzake kaingia kwenye himaya yake. Mtoe leo, usingoje kesho.

#3 MamaGapi
Mkuu wa #2, taratibu. Mimi nimefuga beta na koridora (wale samaki wadogo wa chini) pamoja kwa miaka miwili bila hata mkwaruzo. Halafu nikapata beta mwingine, wa rangi ileile, umri uleule, akamnyemelea kila kilichojongea hadi konokono. Beta ni mtu na tabia yake. Kusema "beta" haitoshi, lazima tujue huyu ni beta gani.

#4 Fundi Chujio
Kabla hatujamfunga beta: mleta uzi, tangi lina muda gani tangu ulijaze maji? Samaki waliingia lini? Umepima maji?

#5 KiooKipya
Tangi lina wiki mbili na nusu. Samaki wote waliingia siku moja, leo ni siku ya 9. Sijapima, lakini maji ni meupe kabisa, ukiweka gazeti nyuma ya tangi unalisoma.

#6 Fundi Chujio
Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Amonia haina rangi. Maji yanaweza kuwa meupe kama machozi na yakawa yanachoma matamvua ya samaki.

Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake muda wote, na chakula kilichobaki na kinyesi huongeza nyingine vikioza. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoibadili amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoibadili nitriti kuwa nitrati, ambayo ni afadhali sana. Bakteria hao hawaji na maji. Wanajijenga polepole kwenye sponji la chujio na kwenye mchanga, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Wewe umetia samaki 10 tangi likiwa na wiki moja na siku chache. Kwa hiyo siku ya 9 tangu waingie inaangukia katikati ya wakati mbaya kuliko wote.

Kagua pia: je, kabla hawajafa walikuwa wanapumua haraka, au wanakaa juu karibu na uso wa maji? Nitriti ikiingia kwenye damu huifanya ishindwe kubeba oksijeni, samaki anakosa pumzi na maji yamemzunguka.

#7 Mapezi Marefu
Fundi, nakuheshimu, lakini amonia haina meno. Mkia wa gapi umenyofolewa na nini?

#8 Mtazama Usiku
Naomba nijibu #7, maana nimekaa na tochi mbele ya tangi usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mkia uliokosekana asubuhi hauonyeshi nani aliua. Unaonyesha nani alikula. Samaki akifa saa tano usiku, hadi alfajiri wenzake wote wamepita pale. Wanaanza na sehemu laini: macho, tumbo, mapezi. Niliwahi kumwona kwa macho yangu danio mzee akifa mwenyewe kwa uzee, akatua mchangani taratibu, na baada ya muda mfupi kamba wadogo walikuwa wamemfunika wote. Ningeamka asubuhi bila kuona ile, ningewatoa kamba wote kwa kesi ya mauaji.

Uti wa mgongo nyuma ya chujio ndivyo hivyohivyo. Ni maiti iliyoliwa.

#9 KiooKipya
Shukrani wote. Kuhusu #6: ndiyo, gapi wawili walikuwa wanakaa juu juu tangu juzi. Nilidhani wanasubiri chakula.

Nimeazima vipimo vya matone. Amonia miligramu 1 kwa lita, nitriti 0.5, nitrati 5, pH (kipimo cha asidi ya maji) 8. Joto nyuzi 27. Nilibadilisha nusu ya maji asubuhi baada ya kuwatoa maiti, nikapima mchana.

#10 Fundi Chujio
Umepima BAADA ya kubadilisha nusu? Basi usiku ule amonia ilikuwa karibu mara mbili ya hiyo. Na pH 8 inafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Amonia majini huwa katika sura mbili, moja sumu kali na nyingine si kali. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ile yenye sumu huongezeka takriban mara 10. Joto nalo linaisukuma huko huko. Amonia ileile ambayo kwenye pH 6.5 samaki wangeivumilia, kwako wewe ni moto.

#11 Bahari Ndogo
Fundi, hesabu yako ya "mara mbili" inakubalika tu ikiwa maji aliyoongeza hayana amonia. Maji ya bomba yanayotibiwa kwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) huweza kuonyesha amonia kidogo yenyewe kwa yenyewe. Apime na ya bomba.

Pia turekebishe kitu. Hilo si tangi la lita 54. Lita 54 ni kioo kitupu. Toa mchanga wa sentimita 4 au 5, toa sentimita 3 za juu ambazo hukujaza, toa gogo na chujio. Unabaki na lita 40 na kitu. Wote tumekuwa tunawapangia samaki maji ambayo hayapo.

#12 KiooKipya
Kweli, mchanga ni sentimita 5. Maji ya bomba nimepima sasa hivi, amonia sifuri.

#13 Neoni Wangu
Mbona hakuna aliyewatetea neoni? Wanne! Neoni ni samaki wa kundi, 6 ni kiwango cha chini na mimi nasema 10. Wakiwa wachache wanaishi kwa hofu, wanajificha, hawali vizuri, rangi inafifia. Halafu asili yao ni mito ya Amazon, maji laini (yenye madini machache), yenye asidi, rangi ya chai kwa sababu ya majani yanayooza. Wewe umewaweka kwenye pH 8 na nyuzi 27. Wangekufa hata wangekuwa peke yao.

Na gapi ni kinyume chao: anapenda maji magumu. Ukiyalainisha maji kwa ajili ya neoni, gapi anadhoofika. Ukiyaacha, neoni anadhoofika. Watu wanauliza nani atamuuma nani, wanasahau kuuliza kama hao wawili wanaweza kunywa kikombe kimoja.

#14 MamaGapi
Kikombe kimoja nimekipenda dada. Lakini neoni wengi wanaouzwa leo wamezaliwa mabwawani, vizazi na vizazi, hawajawahi kuuona huo mto wa chai. Mimi wangu wako kwenye pH 7.6 mwaka wa tatu huu. Kinachowaua ni mabadiliko ya ghafla. Mleta uzi, uliwaingizaje? Uliwamwaga tu kutoka kwenye mfuko?

#15 KiooKipya
Niliuelea mfuko juu ya maji dakika 15, kisha nikawamwaga.

#16 MamaGapi
Hiyo inasawazisha joto tu. pH na ugumu havisawaziki kwa kuelea, lazima uwe unatia maji ya tangi kwenye mfuko kidogo kidogo. Na yale maji ya mfuko hayaingii tangini, samaki unawachota kwa kiwavu.

#17 Neoni Wangu
Lakini hawa wamekufa siku ya 9, si siku ya kwanza. Mshtuko wa kuingizwa vibaya ungewamaliza mapema zaidi.

#18 Mzee wa Mchanga
Vijana, habari zenu. Nimesoma uzi wote na naona mmemsahau mmoja anayekaa kimya chini. Pleko wa sentimita 5. Huyo wa kawaida anayeuzwa kila mahali anapita sentimita 30 akikomaa. Atakuwa mrefu kuliko upana wa hilo tangi na hataweza hata kugeuka. Anakula sana, na anayotoa ni mengi kuliko anayokula, ukimtazama utadhani hivyo. Kwa kuongeza amonia, huyu anawashinda neoni wote wanne.

#19 Kijana wa Kontena
Shikamoo mzee. Lakini samaki si hukua kulingana na tangi? Ukimweka padogo anabaki mdogo.

#20 Mzee wa Mchanga
Marahaba. Hapana mwanangu, na imani hiyo imeua samaki wengi. Anayedumaa kwenye tangi dogo amedumazwa na maji mabaya na nafasi finyu, na anakufa kabla ya wakati wake. Mtoto akidumaa kwa njaa hatusemi amejirekebisha kulingana na sahani.

#21 Kijana wa Kontena
Nimekuelewa mzee. Mimi kanuni niliyofundishwa ni sentimita 1 ya samaki kwa kila lita 1 au 2. Kwa kanuni hiyo mleta uzi hajazidisha.

#22 Bahari Ndogo
Kanuni hiyo ivunje. Urefu haulingani na uzito. Chukua neoni wanne wa sentimita 2.5, jumla sentimita 10. Chukua pleko mmoja wa sentimita 10. Kwa kanuni ni sawasawa. Lakini samaki mwenye urefu mara 4 ana uzito wa kama mara 64 akiwa na umbo lilelile, kwa hiyo huyo mmoja ni sawa na wale wanne mara 16. Na umbo la pleko si jembamba kama la neoni, kwa hiyo ni zaidi.

#23 Mapezi Marefu
Nimerudi. Mnapiga hesabu nzuri sana na beta bado yumo tangini. Tumbo lake limejaa, imeandikwa #1.

#24 Mtazama Usiku
Na mimi nimejibu #8. Tumbo lililojaa linasema alikula. Mleta uzi, mapezi ya beta mwenyewe yakoje? Yana mipasuko?

#25 KiooKipya
Nimetazama kwa karibu. Pezi la mkia limepasuka sehemu tatu, na ukingo mmoja una mikato midogo ya nusu duara, kama karatasi iliyoumwa. Sikuwa nimeiona.

Na kuna jambo sikulisema kwa sababu sikujua kama lina maana. Siku ya 7 niliona chujio linatoa maji kidogo, nikalitoa sponji, nikaliosha kwa maji ya bomba mpaka likang'aa.

#26 Fundi Chujio
Kaka! Ungeanza na hilo. Siku ya 7 umeosha sponji kwa maji yenye klorini, siku ya 9 umepata maiti. Klorini inawekwa bombani kuua bakteria, na ndio hao hao uliokuwa unawahitaji. Kale ka jamii kachanga kalikokuwa kameanza kujijenga umekafuta. Sponji huoshwa kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, unaliminya mara mbili tatu, basi, likibaki na rangi ya kahawia usihangaike. Mimi sina swali tena.

#27 Neoni Wangu
Mimi ninalo. Mikato ya nusu duara kwenye mkia wa beta ni ya nani? Amonia haiumi, kama alivyosema #7. Tetra, yaani jamii ya neoni, wakiwa wachache na wana hofu huanza kunyofoa mapezi ya wenye mapezi marefu. Sasa huenda beta ndiye aliyechokozwa, akajibu.

#28 Mapezi Marefu
Yaani mnamtetea mpaka neoni wa sentimita mbili na nusu anakuwa jambazi?

#29 Neoni Wangu
Sijamtetea beta, nasema wote wawili wanaweza kuwa na makosa. Barbu wa milia wanajulikana kwa tabia hiyo zaidi, lakini hata mpole akitengwa na kundi lake hubadilika.

#30 MamaGapi
Ongeza na hili: gapi madume watatu kwa jike mmoja. Inatakiwa iwe kinyume, dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Madume hawalali wala hawapumziki, kutwa wanamfukuza. Na wakichoka wanachokozana wenyewe. Huyo jike wa mtoto, mtazame chini ya tumbo karibu na mkia. Ana doa jeusi?

#31 KiooKipya
Analo, kubwa, na tumbo limekuwa la pembe nne ukimtazama kutoka mbele. Nilidhani anaumwa.

#32 MamaGapi
Haumwi. Yuko siku za mwisho. Gapi hazai mayai, anazaa vifaranga wanaoogelea, kila wiki nne hivi. Na hata ukiwatoa madume leo ataendelea kuzaa kwa miezi, mbegu anaihifadhi mwilini. Mtilie majani mengi yanayoelea.

#33 Mtafuta Ganda
Naona kila mtu anamshauri atoe huyu aongeze yule. Mimi ningemwambia aachane na mchanganyiko. Maji yake ni pH 8, magumu bila shaka. Kuna sikilidi wadogo wa Ziwa Tanganyika, ukoo mmoja na perege lakini dume hazidi sentimita 5, wanaoishi ndani ya maganda matupu ya konokono. Unaweka mchanga, maganda 15 au 20, na aina hiyo peke yake. Wanachimba mchanga kwa midomo, kila mmoja anazunguka ganda lake, wakitishwa wanatumbukia ndani mmoja mmoja kama waliovutwa kwa uzi. Watoto wanakulia hapo hapo kwa wazazi. Nimewatazama miaka minne na sijawachoka.

#34 Bahari Ndogo
Ushauri mzuri, ila awe na hakika. Hao hawachanganyiki na gapi wala neoni, na chini pote ni pao.

#35 Kijana wa Kontena
Na samaki wa dhahabu mmoja tu, mdogo? Mwanangu anawapenda.

#36 Fundi Chujio
Hapana. Anapenda maji ya baridi kuliko hawa, anakua kupita sentimita 20, na anachafua maji kuliko yeyote aliyetajwa humu. Fungua uzi wako tukusaidie huko.

#37 KiooKipya
Taarifa ya siku tatu. Beta nimemhamishia tangi lake la lita 20, lina hita na sponji. Pleko nimempa mtu mwenye tangi la lita 400. Nabadilisha robo ya maji kila siku, chakula nimepunguza. Leo amonia 0.25, nitriti bado 0.5.

Lakini leo asubuhi neoni wa tatu amekufa. Hajaumwa popote. Jana nyama ya mgongoni ilikuwa imepauka, nyeupe, ule mstari wa bluu umekatika katikati. Beta hayupo, amonia imeshuka. Sasa?

#38 Mtazama Usiku
Kupauka usiku ni kawaida, neoni akilala rangi hufifia na taa ikiwaka hurudi. Wa kwako alipauka mchana?

#39 KiooKipya
Mchana, saa nane, taa inawaka.

#40 Neoni Wangu
Basi inanitia hofu. Upo ugonjwa wa neoni, kimelea kinachoingia kwenye misuli, nyama inapauka vipande vipande na samaki anajitenga na wenzake. Hauna dawa inayojulikana. Huambukizwa wakila maiti ya mgonjwa. Rudi kwenye #1, ule uti wa mgongo.

#41 Fundi Chujio
Au ni matamvua yaliyoungua siku ile yanaendelea kumdai. Madhara ya amonia hayaishi siku kipimo kinaposhuka. Na bakteria wa kawaida nao huleta mapauko yanayofanana na hayo. Bila darubini hakuna anayeweza kuapa.

#42 Mapezi Marefu
Nakubali kuwa huyu wa tatu si beta. Wale wawili wa kwanza na gapi, bado nasema ni yeye.

#43 Mzee wa Mchanga
Vyovyote iwavyo, usinunue neoni wengine sasa. Na wakija, wakae wiki mbili hadi nne kwenye chombo cha pembeni kabla ya kuingia. Kwa chini, tangi likikomaa, tafuta koridora wale wadogo kabisa wa sentimita 2.5 hadi 3, sita au zaidi. Mchanga wako laini unawafaa, kokoto kali huwakata masharubu. Ukiwaona wanachomoka juu kuvuta hewa na kurudi usishtuke, ni kawaida yao.

#44 Neoni Wangu
Mzee, pH 8 kwa koridora hao?

#45 Mzee wa Mchanga
Wangu wako 7.8, wanataga. Lakini niliwazoesha kwa saa mbili, tone kwa tone.

#46 KiooKipya
Wakuu, mwanangu ameniita sasa hivi. Chini ya majani yanayoelea kuna vifaranga. Tumewahesabu 14, wembamba kama uzi, macho tu ndiyo yanaonekana. Mama yao yuko hai na madume wawili wamemsogelea. Neoni aliyebaki amejificha nyuma ya chujio. Niwatoe vifaranga au niwaache?

#47 MamaGapi
Hongereni! Wahamishe madume na yule neoni kwanza, maana kwa midomo yao hao ni chakula. Mama naye anaweza kuwala, lakini majani yakiwa mengi wengi watapona. Wahesabu tena kesho asubuhi.

#48 Mapezi Marefu
Na wakipungua, beta ana ushahidi kuwa hakuwepo.

#49 KiooKipya
Asubuhi hii. Tumehesabu 11. Mwanangu anasema watatu wamejificha.